Moja ya Taa

Mahali pa chuma palikuwa patupu. Bibi Tereza alipapasa tena juu ya boriti, akakutana na vumbi na utando wa buibui, akashuka polepole kwenye kigoda huku ameshika ukuta.

Kilikuwa chuma kifupi tu, urefu wa mkono, ncha yake imefuliwa alama ya marehemu mumewe, Rafaeli: mistari miwili na jicho katikati. Huko kwenye misitu ya Mwese kila mrina asali ana alama yake. Mzinga uliochomwa alama hauguswi na mtu mwingine, hata asali ikichuruzika mpaka kwenye majani. Na mwenye chuma ndiye mwenye mizinga. Rafaeli alipoona siku zake zimefika hakuandika karatasi yoyote. Aliwaita warina wenzake, akampa mwanawe Heri kile chuma mbele ya macho yao, mambo yakaisha. Tangu hapo nyumba yao ya Makanyagio ilikula, ikavaa na kuezekwa kwa asali ya mizinga ile.

"Mama Queen," aliita. "Nani amegusa chuma?"

Mkwewe, Restituta, alikuwa uani akichambua mchicha. Hakuinua uso.

"Mama, muulize mwanao."

"Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe huwezi kudanganya."

Restituta akasukuma ungo pembeni. "Kiko Kashaulili, mama. Kwa Patrick, kile chumba cha nyuma ya duka la spea. Heri amekiweka rehani."

"Rehani ya nini?"

"Ya karata. Kuna mchezo wanauita poka. Amekopa laki mbili, zote zimekwenda. Jumamosi asipolipa, Patrick anamuuzia Malale chuma."

Tereza alikaa chini kwenye mkeka bila kuchagua mahali. Malale alikuwa mnunuzi wa asali, tena mrina mwenyewe. Msitu aliujua. Akishika chuma kile, mizinga ya Rafaeli ni yake, na Heri akipanda mti wa baba yake ataitwa mwizi.

Restituta aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akamshikisha mkononi. Kumbe alikuwa amekaa na habari ile siku kadhaa kifuani mwake, akihofia presha ya mama mkwe, huku akipika na kufua kama kawaida. Tereza aliliona hilo kabla ya kuona jingine lolote. Alikunywa maji, akasema, "Pole, mwanangu."

"Wewe ndiye wa kupewa pole, mama."

"Sote," alisema Tereza.

*

Heri alirudi adhuhuri kutoka sokoni alikokuwa akibeba mizigo. Alipomwona mama yake amekaa chini ya boriti lile, alijua. Akavua kofia.

"Sijauza, mama. Nimeweka tu."

"Nyama ukiiweka mbele ya mbwa, umeiweka tu?"

Restituta alicheka puani bila kutaka. Heri naye alitabasamu kwa aibu, akachuchumaa.

"Mama, nisikilize. Mwanzo nilicheza kijinga, nakubali. Sasa nimejifunza hesabu zake. Kuna kijana anafundisha kwenye simu, kwa Kiswahili kabisa, hatua kwa hatua. Si bahati tena. Ni hesabu."

"Hesabu? Wewe?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia, akaona limempiga mwanawe usoni. Heri alitazama chini. Alikuwa mtu mzima, nywele za kwenye masikio zimeanza kuwa nyeupe, lakini pale alionekana kama alivyokuwa darasa la nne, siku alizorudi nyumbani viganja vimevimba. Darasa lao lilijaa watoto mpaka wengine wakikaa dirishani. Mwalimu aliandika nusu na robo ubaoni, akauliza mara moja, akachapa, akaendelea. Wasioelewa walipelekwa nyuma. Huko nyuma Heri alikaa mpaka alipomaliza shule, na aliondoka nayo sentensi moja tu iliyomkaa kichwani: huyu kichwa chake kigumu.

"Nieleze," alisema Tereza, kwa sauti nyingine. "Nieleze taratibu, mimi nami nilikomea la nne."

Heri alitoa pakiti ya karata iliyochakaa, akazipanga kwenye mkeka. Kila mchezaji hupewa mbili, alisema, anazificha. Nyingine zinafunuliwa katikati, ni za wote. Ukipata tano za aina moja, mara nyingi umeshinda.

"Tazama. Mkononi nina kopa mbili. Mezani zimefunuliwa nne, mbili kati yake ni kopa. Jumla kopa ngapi?"

"Nne."

"Nahitaji moja tu, na imebaki karata moja kufunuliwa. Kopa zote ni kumi na tatu, nne nimeziona, zimebaki tisa. Karata zote hamsini na mbili, nimeona sita, zimebaki arobaini na sita. Kwa hiyo ni tisa ndani ya arobaini na sita. Karibu mara moja katika tano." Alinyoosha vidole vitano, akakunja vinne. "Sasa mezani kuna elfu arobaini na tano. Kubaki kwenye mchezo natakiwa niongeze elfu kumi. Niongeze, au niache?"

"Mimi ningeacha. Mara nne unakosa."

"Ndiyo wanavyofikiri wote!" Heri alisogea magoti mbele, macho yakiwaka. "Nikifanya hivyo mara tano, mara nne napoteza kumi kumi. Arobaini. Mara moja napata, nachukua arobaini na tano. Toa. Nimebaki na tano mbele. Si leo, si kesho, lakini nikirudia na kurudia, mbele."

Tereza alimtazama. Hakujua afurahi au akasirike. Mtoto huyu ana akili. Alikuwa nayo siku zote. Walimkalisha nyuma kama gunia la pumba, hakuna aliyejali kumweleza robo ni nini, mpaka alipopatikana mtu mwenye faida ya kumweleza.

"Marehemu baba yako alikuwa na hesabu kama hiyo," alisema mwishowe. "Alisema ukitundika mizinga kumi, minne inaingia nyuki. Ipi, hakuna ajuaye."

"Umeona! Ni ileile, mama!"

"Hebu tujaribu," alisema Tereza. "Mama Queen, nipe maharage. Tisa mekundu, yaliyobaki ya njano. Yafike arobaini na sita."

"Haya ni ya kupika au ya kucheza?" aliuliza Restituta.

"Yacheze kwanza. Yatapikwa yakichoka."

*

Walitia maharage kwenye mfuko wa kitambaa, wakaleta na sinia la karanga ziwe ndizo hela. Heri alicheza upande wake, Restituta upande wa wenzake wote. Kila mkono, yaani kila raundi, ulikuwa ni ule ule wa mfano: kwanza Restituta anaweka karanga tisa katikati, kisha Heri anaongeza mbili. Akichomoa haragwe jekundu bila kutazama, zote zake. Akichomoa la njano, zote za Restituta. Kisha haragwe linarudi mfukoni, wanatikisa, wanaanza upya.

"Njano," alisema Restituta. "Lete, baba Queen. Zoea kufilisika."

"Subiri. Hesabu haina haraka."

"Njano tena. Kijana wa kwenye simu anasemaje hapo?"

"Anasema mwambie mkeo anyamaze."

Likaja jekundu, Heri akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani. Yakaja ya njano, yakaja mengi, likaja jekundu jingine. Ilikuwa kweli: kadiri walivyorudia, ndivyo mara moja katika tano ilivyokuja yenyewe. Hata Restituta aliacha utani, akasogea karibu.

"Heri," aliuliza Tereza, "huyo Patrick naye hucheza?"

"Hachezi. Anakaa tu pale kwenye kiti."

"Anakula nini sasa?"

"Anachukua ya taa. Anayeshinda anamkata kidogo, kwa ajili ya chumba na umeme. Moja ya kumi ya kilichoko mezani."

"Kila mkono?"

"Kila mkono. Ni kidogo, mama, haiumi. Anayekatwa ameshinda, ana furaha."

"Basi mimi ni Patrick," alisema Tereza. "Endeleeni."

Wakaendelea. Kila mkono ulipoisha, mkono wa bibi ulikuja taratibu, ukachukua karanga moja kwa aliyeshinda, ukaitia kwenye kitenge mapajani. Heri alishinda, akatoa moja. Restituta akashinda, akatoa moja. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika katikati ya ua Restituta alipotaka kuweka karanga za mkono mwingine, akakuta hazimtoshi. Akamtazama mumewe. Mbele ya Heri zilikuwa zimebaki za kuhesabika kwa jicho.

"Zimekwenda wapi?" aliuliza Restituta. "Nikifilisika mimi, si zinatakiwa ziwe kwako?"

Tereza alifungua kitenge. Karanga zilijaa mapajani kama zimepimwa kwa kisado.

"Mama, umetuibia!" alisema Restituta.

"Mimi? Sijagusa hata haragwe moja."

Heri hakucheka. Midomo yake ilikuwa inatembea. Hapakuwa na mtu wa kumweleza, hesabu aliifanya mwenyewe. "Arobaini na tano, na kumi yangu. Hamsini na tano. Moja ya kumi ni tano na mia tano." Akakunja vidole. "Faida yangu ni tano. Yeye anachukua tano na mia tano." Akashika kichwa. "Mama, nikicheza vizuri kabisa, bila kosa hata moja, bado nampelekea yeye mia tano yangu. Na yule kijana wa kwenye simu hajasema habari za taa hata siku moja."

"Unamkumbuka mwenye lori aliyekuwa anashusha asali yetu?" aliuliza Tereza. "Mwaka wa nyuki wengi, ndoo moja katika kumi. Mwaka wa nyuki wachache, ndoo moja katika kumi. Baba yako alianguka mtini akavunjika mbavu, nilipompelekea ndoo zile chache, akachukua yake. Alijenga nyumba ya ghorofa. Hajawahi kuumwa na nyuki."

Restituta alikusanya maharage. Kisha akasema, "Jumamosi ni kesho."

*

Walikwenda wote watatu. Restituta alijitwika ndoo ya asali, ya mwisho iliyobaki, ambayo ilikuwa iwalishe mpaka msimu ujao. Njiani Tereza alimwona anabadilisha upande wa kata kichwani ili jasho lisimdondokee mama mkwe aliyemshika bega, akaliweka moyoni.

Chumba cha Patrick kilikuwa na meza moja, wanaume watano, na dirisha pana lililoingiza jua la saa sita. Patrick mwenyewe alikaa mlangoni na kopo la maziwa la bati, la kutilia ya taa, miguuni. Hakuinuka.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Nyie, mpisheni bibi kreti." Kisha akapaza sauti. "Profesa amekuja na mama yake leo!"

Wanaume wakacheka. "Profesa, robo ni ngapi?" aliuliza mmoja. "Muulize moja katika tano," mwingine akadakia, "juzi tulimla mara tano katika tano!"

Tereza aliketi kwenye kreti la soda. Misumari ilimchoma, hakusogea. Malale alikuwa amekaa pembeni, mtu mzima mwenye makovu ya moto mikononi, kofia yake gotini. Chuma kilikuwa mezani, katikati ya chupa.

"Patrick, baba," alisema Tereza, "nimekuja kuchukua chuma cha mume wangu. Nimeleta ndoo ya asali. Bei yake ya sasa unaijua."

"Deni ni hela, bibi, si asali. Malale ameleta hela." Patrick alimgeukia Heri kwa sauti ya upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Lakini mimi si mtu mbaya. Mkono mmoja, Heri. Wewe na mimi. Tunakata karata tu, mwenye kubwa amechukua. Ukishinda, beba chuma, deni limekufa, na ndoo rudi nayo. Ukishindwa, chuma changu moja kwa moja. Na hapo sikukati ya taa."

Tereza aliona midomo ya mwanawe inaanza kutembea.

"Nusu kwa nusu," alinong'ona Heri. "Mama, hii ni ya haki. Hamna taa. Hesabu yake ni nusu kwa nusu kabisa."

"Najua ni ya haki."

"Basi?"

"Baba yako alitundika mizinga mingapi?"

"Mingi. Zaidi ya hamsini."

"Kwa nini hakutundika mmoja?"

Heri alikitazama chuma mezani.

"Hesabu yako jana ilikuwa tamu kwa kuwa tulirudia mpaka kivuli kikahama," alisema Tereza. "Huu ni mkono mmoja, mwanangu. Ukikosa, hakuna wa pili wala wa tano. Yeye akikosa, amepoteza laki mbili, na kesho kopo litajaa tena. Wewe ukikosa, umempoteza baba yako. Sasa hiyo nusu yako na nusu yake zinalingana?"

Mtu mmoja mezani aliguna. Patrick alikuwa ameshanyoosha pakiti ya karata, na Heri aliitazama kwa muda, vidole vyake vikijikunja na kujikunjua. Kisha akatia mikono mfukoni.

"Sikati," alisema.

"Profesa ameogopa!"

"Ndiyo, naogopa," alisema Heri. "Nimepiga hesabu."

Patrick akasukuma kreti lililokuwa wazi kwa mguu. "Haya. Malale, toa hela, chukua chuma, tuendelee na kazi."

Malale aliinuka, akavaa kofia. Lakini hakuifuata meza. Alisimama mbele ya Tereza, akainama, akampa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Niliambiwa ni chuma cha mtu aliyeacha kazi ya msitu. Sikuambiwa kwamba mjane wake yuko hai na anakaa Makanyagio." Akamgeukia Patrick. "Mimi napanda miti mirefu, bwana. Siwezi kupanda na hicho. Warina wenzangu wakisikia, nani atanishikia kamba?"

"Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana juu ya kingine. Muuzie fundi, akifue jembe."

Akatoka, na hakugeuka.

Patrick alitazama chuma kwa hasira, kama kimemdanganya yeye. Bila mrina wa kukinunua, kilikuwa kipande cha chuma tu. Alipima mambo kichwani, na Tereza alimwona anapima. Mwishowe akaivuta ndoo kwa mguu.

"Acheni asali. Chukueni takataka yenu."

Heri alikishika chuma kwa mikono yote miwili. Walikuwa wamefika mlangoni Tereza aliposikia kifuniko cha ndoo kinafunguliwa. Patrick aliwaita watu wake waje waonje, akachota kwanza kikombe kimoja kilichojaa mpaka juu, akakiweka pembeni ya kopo.

"Ya taa," alisema, nao wakacheka.

Tereza aligeuka. Alikuwa amevumilia kreti, na profesa, na kitu cha marehemu kuitwa takataka. Ni kile kikombe kilichomshinda.

"Taa gani, baba?" aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kicheko kilikatika. "Taa gani, na jua lote hili? Tazameni dirishani. Nani humu anacheza kwa taa? Umemla mwanangu, umewala na hawa wanaokuchekea, na hata deni likilipwa unalikata! Mtoto huyu walimwambia hana kichwa. Ana kichwa. Mngekuwa hamkijui, msingekaa hapa mnakisubiri!"

Mwanaume mmoja aliangalia dirisha, kisha akaliangalia lile kopo kwa muda, kama alikuwa hajawahi kuliona. Halafu Patrick akagonga meza, karata zikagawiwa, na yule mwanaume akazipokea zake.

*

Walirudi bila ndoo. Wiki zile walikula ugali na mlenda, na Restituta alisuka nywele za watu mpaka vidole vikafanya sugu. Hakumlaumu mumewe mbele ya mtu yeyote. Siku moja tu alimwambia, "Ulinificha wiki ngapi?" Heri akamwambia ukweli, ulikuwa mchungu, wakaumaliza.

Asubuhi moja Heri aliwasha moto uani. Mizinga mipya ilikuwa imepangwa ukutani, magogo aliyoyachimba mwenyewe. Chuma kilikuwa kwenye makaa, ncha imekuwa nyekundu. Tereza alivuta kigoda, akakaa upande usio na moshi.

Heri alichoma mzinga wa kwanza. Mistari miwili, jicho katikati. Harufu ya mti ulioungua ikajaa ua mzima.

"Ishirini," alisema, akifuta jasho. "Mwaka ukiwa wa kawaida, minane itaingia nyuki."

"Ipi?"

Heri aliitazama yote, mmoja baada ya mwingine, kisha akarudisha chuma kwenye makaa.

"Hilo halina hesabu, mama."

"Basi itundike yote," alisema Tereza.